Gobori, greni na baruti: Lugha ya kuitafutia bunduki kipimo chake

Wiki chache zilizopita, mwanafunzi mmoja wa tafsiri aliniletea kurasa nne alizopewa na mteja azigeuze kuwa Kiswahili. Zilitoka katika mwongozo wa Kimarekani wa bunduki zinazojazwa kupitia mdomoni. Wawindaji wa kulungu kule wangali wanazitumia hadi leo, na majimbo mengi huwatengea msimu wao maalumu. Kurasa zenyewe zilieleza jinsi mwenye bunduki anavyotafuta kiasi cha baruti na aina ya risasi vitakavyoifanya ipige pale pale inapoelekezwa. Kisarufi, tafsiri ilikuwa safi. Upatanisho wa ngeli haukuwa na dosari. Lakini hebu sikiliza: bunduki ilibebeshwa "mzigo" wa "punje sabini", kisha "mpira" uliotiwa "kiraka" ukasukumwa ndani kwa "fimbo". Nilicheka kwanza, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu sentensi moja katika ukurasa wa tatu ingeweza kumng'oa mtu vidole. Nitaifikia.

Dai langu ni kwamba Kiswahili kilikuwa na msamiati kamili wa bunduki ya aina hii, na kwa sehemu kubwa bado kinao. Tumeuacha kwa sababu bunduki za siku hizi hazituhitaji tuutumie. Askari wa leo hupewa kitu kilichokwisha kuunganishwa kiwandani: ganda la shaba, ndani yake baruti, kwenye kitako chake kiwashio, na kichwani kipande cha risasi. Kitu chote hicho tunakiita risasi. Ndiyo maana gazeti linaweza kuripoti kwamba mshukiwa alinaswa na risasi tatu, na katika aya inayofuata daktari akaondoa risasi pajani mwa majeruhi. Jina ni moja, vitu ni viwili. Kwa bunduki ya leo, mkanganyiko huo hauleti hasara kubwa. Kwa gobori hautufai kabisa, kwani mpigaji hutia kila kitu kwa mkono wake, kimoja baada ya kingine, na akikosea mpangilio au kiasi, bunduki haitamsamehe.

Gobori ndilo neno la jumla la bunduki inayojazwa mdomoni. Magazeti ya Tanzania huandika pia gobore au gobole, hasa katika habari za majangili. Tendo la kuijaza ni kushindilia, kitenzi kile kile tunachokitumia kwa pamba ndani ya gunia. Chuma cha kushindilia si fimbo bali ni mdeki, na neno hilo limo katika kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939. Kama bunduki inawashwa kwa jiwe la cheche, hiyo ni bunduki ya gumegume. Kama inawashwa kwa kikofia kidogo cha shaba kinachopigwa na nyundo yake, kikofia hicho ni fataki. Leo fataki tunazijua kwa sherehe za mwaka mpya tu. Chombo cha kusubia risasi ni kalibu. Vile vitufe vidogo vidogo vya kupigia ndege ni marisau.

Na risasi? Neno hili tulilipata kutoka Kiarabu, ambako ni jina la madini yenyewe, yale mazito, laini na ya kijivu ambayo wavuvi hutengenezea chubwi. Kwa hiyo maana ya madini ndiyo ya kwanza, na ile ya kinachotoka mtutuni ilifuata. Kasiba, yaani mrija wa ndani wa bunduki, asili yake ni tete au mwanzi. Bunduki yenyewe ilianza kama jina la kokwa fulani kwa Kiarabu, ikahamia kwenye vitufe vilivyorushwa kwa upinde, kisha ikatua kwenye silaha inayorusha vitufe kwa moto. Nayo baruti ni mchanganyiko wa shura, kiberiti na makaa, kwa kawaida sehemu 75, 10 na 15 katika kila 100. Msomaji asishangae kuona kiberiti hapo. Kabla hakijawa kijisanduku cha njiti jikoni, kiberiti kilikuwa jina la yale madini ya manjano yanayonuka yakiungua.

Pengo ninaloliona ni moja tu, nalo lina historia. Ndani ya kasiba ya bunduki hizi za Wamarekani kumechongwa mifereji inayojiviringa kama ngazi ya mzunguko, ili risasi itoke ikizunguka kama pia. Risasi inayozunguka haipepesuki. Kwa mifereji hiyo sijakutana na neno moja la Kiswahili ambalo watu wamekubaliana nalo. Haishangazi. Magobori mengi yaliyofika pwani yetu na kwenda bara na misafara yalikuwa na kasiba laini, isiyochongwa. Kisha Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ukapiga marufuku kuingiza bunduki zilizochongwa mifereji katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha mlango wazi, kwa masharti, kwa bunduki za gumegume zenye kasiba laini na baruti ya kawaida ya biashara. Waswahili hawakuwa wavivu wa kuunda maneno. Hawakuletewa kitu cha kukipa jina. Mimi napendekeza mifuo, neno la zamani la michirizi iliyochimbwa, na kasi ya kujiviringa kwake tuiite msokoto. Atakayeleta bora zaidi nitampokea kwa mikono miwili.

Sasa turudi kwa zile punje sabini. Katika Kiingereza, jina la kipimo hiki cha uzani kweli lilitokana na punje ya nafaka, na ratili moja ya Kiingereza ina vipimo hivyo 7,000. Lakini ukiandika "punje sabini za baruti", msomaji wa Kiswahili ataona kiganja kimenyooshwa na mtu anahesabu chembe moja moja. Bora tutohoe: greni. Greni 70 ni kama gramu nne na nusu, kijiko kidogo hakijai. Na "mzigo" tuuache kwa wapagazi. Kinachotafutwa ni kipimo, tena kipimo cha bunduki fulani, si cha bunduki zote.

Hapo ndipo kiini cha jambo kilipo, na hakuna aliyekionyesha vizuri kuliko Joseph Whitworth, mhandisi wa Manchester ambaye mafundi wanalijua jina lake kupitia skrubu. Mwaka 1854, jeshi la Uingereza lilikuwa limeshaidhinisha bunduki ya Enfield: kasiba ya inchi 0.577, risasi ya greni 530, baruti greni 70 hivi, na mifuo inayokamilisha mzunguko mmoja kila inchi 78. Serikali ilimwendea Whitworth kuhusu mashine za kutengenezea bunduki. Yeye akajibu ati hawezi kubuni mashine kabla ya kujua mtutu mzuri ni upi, na hakuona kama kuna aliyejua. Basi serikali ikagharamia ukumbi wa kupigia shabaha wenye urefu wa yadi 500 katika uwanja wake huko Rusholme, umeezekwa ili upepo usiharibu hesabu. Dhoruba ikauangusha. Ukajengwa tena, na majaribio yakaanza kwa dhati mwaka 1855. Ndani yake zilitundikwa karatasi nyembamba kwa masafa, ili kila risasi iache matundu ya kuonyesha ilivyopita.

Kinachonivutia ni kwamba hakubadilisha kila kitu. Alitakiwa kubaki na uzani ule ule wa risasi na kiasi kile kile cha baruti: 530 na 70. Kwa hiyo akawa na uhuru katika vitu vingine tu, yaani upana wa kasiba, umbo la risasi na msokoto wa mifuo. Alijaribu misokoto mingi, kuanzia mzunguko mmoja kwa kila inchi 60 hadi ule wa ajabu wa mzunguko mmoja kwa kila inchi moja. Akaishia kwenye inchi 20, katika kasiba ya pembe sita yenye upana wa inchi 0.451. Ukiipunguza kasiba na uzani usipungue, risasi haina budi kurefuka, na risasi ndefu haitulii angani isipozungushwa kwa kasi. Katika shindano la Hythe mwaka 1857, mkengeuko wa wastani wa Whitworth kwa yadi 500 ulikuwa futi 0.37, wa Enfield futi 2.24. Kwa yadi 800 ilikuwa futi 1 dhidi ya 4.11. Baruti ni ile ile, uzani ni ule ule, matokeo ni mbingu na ardhi. Miaka mitatu baadaye, tarehe 2 Julai 1860, Malkia Victoria alivuta uzi wa hariri huko Wimbledon, bunduki ya Whitworth iliyofungwa kwenye kitegemeo ikapiga inchi moja na robo kutoka katikati ya shabaha, yadi 400 mbele.

Hata hivyo jeshi halikuichukua iwe bunduki ya askari wote. Sababu kubwa iliyotolewa ni kwamba kasiba nyembamba ilijaa uchafu upesi. Hili linahitaji kufafanuliwa. Baruti ya asili ikiungua, zaidi ya nusu ya uzani wake haigeuki hewa, bali hubaki kama vitu yabisi. Sehemu huruka na moshi, sehemu hung'ang'ania ndani ya mtutu. Nayaita masizi, ingawa ni magumu na yenye chumvi kuliko masizi ya sufuria. Baada ya milio michache, risasi haishuki tena kwa urahisi. Na kila mlio hukutana na kasiba tofauti kidogo na iliyotangulia. Mafuta yanayopakwa kwenye risasi ni ya kupambana na masizi hayo. (Uvumi kwamba mafuta ya katriji za Enfield yalikuwa ya ng'ombe na nguruwe ndio ulioamsha ghadhabu za askari wa Kihindi, Wahindu kwa Waislamu, hadi uasi ukalipuka Meerut mwezi Mei 1857. Sijui kama kuna grisi nyingine iliyowahi kuitikisa himaya.)

Mpigaji wa leo wa Marekani hufuata njia ile ile ya Whitworth, bila ukumbi wa yadi 500. Chukulia bunduki ya kasiba ya inchi 0.50 inayotumia risasi ya gololi. Gololi yenyewe ni ndogo kuliko kasiba, tuseme inchi 0.490, na nafasi inayobaki huzibwa kwa kitambaa cha pamba kilichopakwa mafuta. Si kiraka, maana hakuna kilichoraruka. Ni kitambaa cha kuivisha risasi, na kazi yake ni kuishika mifuo kwa niaba ya gololi na kuizungusha. Gololi, kwa kuwa ni fupi, huridhika na msokoto wa polepole, kama mzunguko mmoja kwa inchi 48, 60 au zaidi. Ukiipa bunduki hiyo risasi ndefu ya Whitworth, itatoka ikipinduka kama chupa iliyotupwa. Kwa hiyo swali la kwanza si baruti kiasi gani, bali ni risasi ipi ambayo msokoto huu unaweza kuituliza.

Baada ya hapo ndipo anapoanza na kipimo cha chini, na mtengenezaji wa bunduki huandika cha chini na cha juu kabisa. Tuseme anaanza na greni 50. Anaegemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, shabaha iko yadi 50, anapiga mara tatu au tano bila kubadilisha chochote. Kila baada ya mlio anapitisha kitambaa chenye unyevu ndani ya mtutu, kisha kikavu. Halafu anaongeza greni tano na kurudia. Matundu ya kwanza huenda yakatawanyika, ya pili yakakaribiana, ya tatu yakabanana, ya nne yakaanza kutawanyika tena. Kikomo cha mtengenezaji hakivuki, hata matundu yamshawishi vipi. Na hapa Kiswahili kinatutega. Tunasema mtu ana shabaha akipiga katikati, na shabaha ni ile alama pia. Lakini anayetafuta kipimo hatazami katikati kwanza. Anatazama kubanana. Matundu matano yaliyosongamana kama kishada cha zabibu, hata yakiwa shubiri nzima kushoto, ni habari njema, kwa sababu kilengeo husogezwa. Matundu matano yaliyoizunguka katikati kama vifaranga waliotishwa hayana dawa ya kilengeo. Kwa hiyo ningetenganisha maneno mawili: ulengaji kwa kupata katikati, na uthabiti kwa kurudia pale pale. Kipimo kizuri ni chenye uthabiti.

Anabadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Akibadilisha baruti na kitambaa kwa pamoja, matokeo yakiwa mazuri hatajua amshukuru nani. Akishapata kishada, ndipo anapojaribu kitambaa kinene kidogo, au mafuta mengine, au baruti ya chembe ndogo zaidi, ambayo huungua upesi. Mashahidi wake wako chini, hatua chache mbele ya mdomo wa bunduki: vile vitambaa vilivyotemwa. Kitambaa kilichotoka kizima, kimeungua kidogo katikati tu, kimefanya kazi yake. Kilichochanika au kutoboka kinasema kwamba gesi ilipenya, au mifuo ina ncha kali. Napenda sana sehemu hii. Majibu mengi ya mpigaji yamo kwenye majani, na wengi huyakanyaga wakikimbilia shabaha.

Mdeki nao huchorwa alama. Risasi ikikaa juu ya baruti sawasawa, alama hulingana na mdomo wa mtutu. Isipolingana, hapigi. Risasi iliyokwama katikati ya njia huacha nafasi tupu kati yake na baruti, na mtutu unaweza kuvimba au kupasuka mahali hapo. Katika tafsiri niliyoletewa, maneno yaliyomaanisha ishuke mpaka ikalie baruti yaligeuka kuwa isukumwe ndani vya kutosha. Vya kutosha kwa kipimo cha nani?

Lakini hiyo siyo sentensi niliyoahidi. Sentensi ya ukurasa wa tatu ilikuwa onyo, na katika Kiingereza ilitenganisha aina mbili za baruti. Ya kwanza ni ile ya shura, kiberiti na makaa. Ya pili ni ya bunduki za kisasa, iliyoanza kutumiwa na majeshi katika miaka ya 1880, isiyotoa moshi mwingi, nayo hutengenezwa kwa kemikali nyingine kabisa. Greni 70 za ile ya kwanza ni kipimo cha kawaida katika bunduki nyingi za inchi 0.50. Greni 70 za ile ya pili, katika mtutu uleule, huleta shinikizo ambalo bunduki hizo hazikujengwa kulihimili, na mtutu unaweza kupasuka mkononi. Mwongozo ulisema kwa herufi kubwa kwamba ya pili isitiwe kamwe. Mwanafunzi, akitaka kukwepa marudio, aliziita zote mbili baruti. Onyo likawa: usitumie baruti badala ya baruti.

Kwa kawaida hatuhisi upungufu huu, maana hapa kwetu neno baruti hubeba hata vilipuzi vya kupasulia mawe matimboni. Isitoshe, uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, kwa hiyo ni wachache wanaohitaji kulichambua. Lakini mtafsiri hamwandikii jirani yake tu. Mimi ningeandika baruti nyeusi kila inapotajwa ile ya kwanza, bila kuchoka, na baruti isiyo na moshi kila inapotajwa ya pili, hata kama aya moja itazirudia mara sita. Mtindo mzuri wa insha unakataza marudio. Maelekezo ya silaha, kama yale ya dawa, yanayadai.

Kuna aina ya tatu pia, nayo inahitaji jina lake: poda mbadala zilizobuniwa kuchukua nafasi ya baruti nyeusi. Baadhi yake ni nyepesi kuliko hiyo nyeusi, na kwa sababu hiyo hupimwa kwa ujazo, kwa kikombe kidogo cha shaba chenye alama, si kwa mizani. Alama ya 70 kwenye kikombe ina maana ya nafasi inayojazwa na greni 70 za baruti nyeusi. Mtu akichukua poda nyepesi na kuipima greni 70 kwenye mizani, atakuwa amezidisha bila kujua. Kwa hiyo mtafsiri akikutana na namba hiyo, aongeze maneno mawili ambayo Kiingereza cha wazoefu huyaacha kwa kuwa wao wanajuana: kwa ujazo. Na kikombe kijazwe kwanza, ndipo baruti imiminwe mtutuni kutoka kwenye kikombe, si moja kwa moja kutoka kwenye chupa kubwa, kwani cheche moja iliyosalia ndani ya mtutu tangu mlio uliopita inatosha kuiwasha chupa nzima mkononi mwa mtu.